Je, Kumketisha Kijana Ni Kumlea?

Yako mashauri ambayo watu huyasema kwa ajili ya mchezo tu, kumbe ndani yake mna neno kubwa liwahusulo wote walio na vijana mikononi mwao. Mwezi huu twataka kulitazama shauri moja la namna hiyo. Limetoka mbali, katika nchi za baridi. Walakini tukiisha kulifunua tutaona kwamba si geni kwetu kama mtu awezavyo kudhani.

Huko Kanada na Marekani watu hupenda mno mchezo wa magongo uchezwao juu ya barafu, yaani hoki ya barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, huteleza kwa mbio kubwa, na badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani kigumu cheusi. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuchezwa ndani ya jengo ulikuwa Montreal, tarehe 3 Machi 1875. Na katika mji huohuo, mwaka 1917, iliundwa ligi kubwa iitwayo NHL, ambayo leo ina timu 32. Hata Afrika ya Mashariki mchezo huu si jina tupu, maana mwaka 2005 kilifunguliwa kiwanja kidogo cha barafu katika hoteli moja ya Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza hapo.

Basi wapenzi wa timu hizo hubishana kila mwaka juu ya swali moja. Kijana hodari wa miaka 18 au 19, ambaye timu yamtumainia kwa siku zijazo, mwalimu wake akimketisha asicheze, je, amsaidia kukua, ama amharibu? Wengine wasema, "Mwacheni akae, ajifunze kwa kutazama." Wengine wajibu, "Hakuna ajifunzaye kuteleza kwa kukaa." Na ubishi huo hauishi.

Ili kuwaelewa, sharti tujue kwanza desturi ya mchezo wenyewe. Kila timu huingiza barafuni watu sita kwa wakati mmoja, mmoja wao akiwa mlinda lango. Kwa kuwa mbio zake ni kali, mchezaji hawezi kudumu barafuni. Hucheza kitambo kisichofikia dakika moja, kisha hutoka na mwenziwe huingia. Kwa hiyo benchi peke yake si mahali pa aibu; kila mtu hurudi pale mara nyingi katika dakika 60 za mchezo. Aibu huanza pale ambapo wenzake wainuka na kurudi, wainuka na kurudi, naye haitwi. Tena kuna kuketishwa kwa namna ya pili, kulikozidi huko. Timu huweza kuwa na wachezaji 23 katika orodha yake, lakini wanaovaa kwa mchezo mmoja ni 20 tu. Waliobaki, ijapokuwa ni wazima wa mwili, huenda kukaa juu jukwaani wamevaa nguo zao za mjini, wakiwatazama wenzao kama wageni watazamavyo ngoma ya watu wengine.

Kijana aliyekaa pale juu amekuwa, tangu utoto wake, mchezaji bora wa mji wake. Hajapata kuachwa nje hata siku moja. Leo aachwa, na watu maelfu wajua kwamba ameachwa. Haya ndiyo mambo tunayoyajadili, tusiyafanye mepesi.

Lugha yetu wenyewe haikulikata shauri hili, bali imetupa mithali za pande zote mbili. Wazee walisema, "Subira huvuta heri," tena wakasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Hawa wako pamoja na mwalimu anayemketisha kijana. Walakini wazee walewale walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na tena, "Udongo uwahi ungali maji." Hawa wako pamoja na wapenzi wa timu wanaopiga kelele kijana achezeshwe. Mwenye kutaka kushinda ubishi atashika mithali moja na kuisahau nyingine. Bali mwenye kutaka kweli hana budi kuuliza ni lini hii ifaa, na ni lini ile.

Watu wa hoki hupenda kuthibitisha maneno yao kwa mifano, nasi tuitazame michache. Mwaka 1997 timu ya Boston ilimchagua Joe Thornton kuwa wa kwanza katika vijana wote wa mwaka ule. Alianza akiwa na miaka 18. Mwalimu wake, Pat Burns, aliyejulikana kwa ukali, hakumpa nafasi nyingi. Msimu ule wa kwanza kijana alicheza michezo 55 tu, akafunga mabao 3. Je, aliharibika? Hata kidogo. Katika msimu wa 2005–2006 alipewa heshima ya mchezaji bora wa ligi nzima, na mwaka 2025 akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Wapenda subira hulitaja jina lake kila mara, wakisema, "Mwaona? Benchi lilimjenga."

Lakini wapinzani nao wana mfano. Mwaka 2012 timu ya Edmonton ilimchagua Nail Yakupov, kijana wa Urusi, naye pia akiwa wa kwanza. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 17 katika michezo 48. Msimu uliofuata akaja mwalimu mpya, na mwezi wa Oktoba 2013 kijana akaachwa nje, akatazama kutoka juu. Tangu hapo hakufikia tena mabao 17 katika msimu wowote, na mwaka 2018, akiwa na miaka 24, akatoka katika ligi ile asirudi. Hawa nao husema, "Mwaona? Benchi lilimvunja."

Ndugu, tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kijana aliyeketishwa akistawi, wapenda subira husema, "Kukaa kulimfundisha." Asipostawi, husema, "Alikuwa hafai tangu mwanzo. Heri tuliliona mapema." Nao wa upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Kijana aliyechezeshwa akistawi, wasema, "Nafasi ilimkuza." Asipostawi, wasema, "Hakupewa nafasi ya kutosha." Shauri lililojengwa namna hii halishindwi kamwe na jambo lolote litokealo, na shauri lisiloweza kushindwa na jambo lolote, hilo halikuthibitishwa na jambo lolote. Mkulima aweza kuchukua mbegu za gunia moja, akapanda nusu bondeni na nusu mlimani, akapima mavuno. Bali kijana ni mmoja, na mwaka wake wa kumi na tisa ni mmoja. Hakuna ajuaye Thornton angalikuwa nani kama angalichezeshwa sana, wala Yakupov angalikuwa nani kama asingaliachwa nje.

Tena mifano hiyo ikitazamwa kwa makini huwa na mambo yaliyofichika. Mwaka ule ule wa 1997 Boston ilimchagua pia Sergei Samsonov, naye akacheza chini ya mwalimu yule yule mkali. Yeye alipewa nafasi tele, akafunga mabao 22, akatunzwa kuwa mgeni bora wa ligi kwa msimu ule. Mtu aweza kuuliza, "Basi mwalimu mmoja, timu moja, mwaka mmoja, mbona mmoja aketi na mwingine acheze?" Sababu moja yaonekana: Samsonov alikuwa amekwisha kucheza msimu mzima pamoja na watu wazima huko Detroit, katika ligi iliyo ndogo kuliko NHL, bali Thornton alitoka moja kwa moja katika mchezo wa vijana wenziwe. Mmoja alikuwa amekwisha kusukumana na wanaume, mwingine bado. Katika neno hili dogo twaona mwanga, nasi tutalirudia.

Iwapo basi matokeo hayatupi hukumu, tutahukumu kwa nini? Sisi twaona kwamba hatuna budi kuacha kuuliza lililotokea baadaye, tuulize lililokuwa moyoni na mkononi mwa mwalimu saa ile alipokata shauri. Maana yeye naye hakujua yajayo. Hawezi kusifiwa kwa bahati njema wala kulaumiwa kwa bahati mbaya. Aweza kuulizwa tu kama alitenda haki kwa kadiri alivyojua. Na hapo twaona maswali matatu yampasayo kila mtu amwambiaye kijana, "Keti."

Swali la kwanza: Je, sababu niliyomwambia ndiyo sababu yenyewe?

Mwalimu akimketisha kijana, karibu kila mara hutangaza kwamba ni kwa faida ya kijana. Lakini tuseme kweli, ziko faida nyingine zilizojificha nyuma ya hiyo. Iko faida ya ushindi wa usiku huu, kwa kuwa mtu mzima hukosea mara chache kuliko mtoto. Iko faida ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa akishindwa mara nyingi hufukuzwa kazi. Tena iko faida ya fedha. Kijana wa miaka 18 aingiapo NHL hufanya mapatano ya miaka mitatu kwa ujira wenye mpaka. Na ikiwa bado ana miaka 18 au 19, naye hakufikisha michezo 10 katika msimu ule, mwaka ule kwa kawaida hauhesabiwi, timu hubaki na miaka yake mitatu kamili. Ndiyo maana mara kwa mara kijana hucheza michezo tisa, kisha hurudishwa kwa vijana wenziwe kabla ya mchezo wa kumi. Labda kweli hakuwa tayari. Lakini ni ajabu kwamba utayari wa vijana wengi hujulikana hasa baada ya mchezo wa tisa!

Hatusemi kwamba faida hizo ni haramu. Timu ni mali ya watu, na hesabu yake yataka kulindwa. Ushindi nao ndio kazi waliyokusanyikia. Twasema hili tu: mtu asiivishe faida yake mwenyewe kanzu ya faida ya mwenziwe. Mwalimu aweza kumwambia kijana, "Leo nakuacha kwa sababu nataka kushinda, na fulani ni imara kuliko wewe." Neno hili ni chungu, walakini ni safi, kijana aweza kulishika, akajua alipo na afanye nini. Bali akimwambia, "Nakuacha kwa faida yako," na kumbe sivyo, amemfanyia mabaya mawili: amemnyima nafasi, tena amemnyima haki ya kununa. Kwa maana nani awezaye kulalamika juu ya mtu amtendeaye mema? Neno hilo, "kwa faida yako," ni neno zito. Wazazi, walimu na watawala wote wamelitumia, na mara nyingi limekuwa mlango wa kupitishia yale ambayo hayangepita kama yangeitwa kwa jina lake.

Swali la pili: Je, katika kukaa kwake mna kazi?

Wapo wasemao kwamba kijana hujifunza kwa kutazama, nasi hatukatai. Mwanafunzi wa fundi seremala hutazama siku nyingi kabla ya kupewa randa. Lakini hutazama akiwa karibu na mkono wa fundi, na fundi humwambia, "Angalia hapa, ndivyo mbao inavyogeuka." Kutazama bila mtu wa kukuonyesha ni kukaa tu. Mwalimu amketishaye kijana, kisha akakaa naye asubuhi, akamwonyesha makosa yake moja moja, akamtolea jasho katika mazoezi, huyo amempa kazi. Amwachaye juu jukwaani bila neno, huyo amemweka akibani kama chombo.

Hapa kisa cha Shane Wright chatufaa. Katika mwezi wa Julai 2022, huko Montreal, wengi walidhani kwamba kijana huyu wa Kanada atachaguliwa wa kwanza. Ikawa wa nne, akachukuliwa na timu ya Seattle. Msimu ule wa 2022–2023 Seattle ilimweka katika orodha yake, lakini mara nyingi alikaa nje. Michezo yake ya NHL kwa msimu mzima ilikuwa minane tu. Shida yake ilizidi kwa sababu ya mapatano ya miaka mingi kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada: kijana wa umri wake hakuweza kupelekwa kama kawaida katika ligi ya watu wazima iliyo chini yake, iitwayo AHL. Ilikuwa ama kileleni, ama kurudi kwa watoto. Ngazi ya katikati haikuwapo. Basi Seattle ikapata ruhusa ya kumpeleka AHL kwa siku chache, iwe kama kumtengeneza mwili. Huko alicheza michezo mitano akafunga mabao manne! Alirudi, akafunga bao lake la kwanza la NHL. Kisha akaiongoza timu ya vijana wa Kanada katika mashindano ya dunia, wakashinda tarehe 5 Januari 2023, siku aliyotimiza miaka 19. Msimu uliofuata, alipokaa hasa katika AHL, alipata pointi 47 katika michezo 59.

Katika habari hii twaona jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili husahau. Wao husema kana kwamba ziko njia mbili tu: kumchezesha kijana mahali pakubwa, au kumketisha mahali pakubwa. Iko njia ya tatu, nayo mara nyingi ndiyo njema: kumchezesha mahali padogo. Hii ndiyo njia iliyomtayarisha Samsonov. Mtumbwi mdogo wenye kazi wamfundisha baharia kuliko merikebu kubwa asiyoruhusiwa kugusa tanga lake. Mtu aweza kuona haya kumrudisha kijana chini, na kijana mwenyewe aweza kuona ameshushwa. Walakini aliye chini na atenda kazi yu karibu na ukuaji kuliko aliye juu na hatendi neno.

Swali la tatu: Je, kukaa kwake kuna mwisho, naye aujua?

Tumtazame Wright tena. Mwezi wa Novemba 2024, akiwa sasa mchezaji wa kila siku wa Seattle, alikuwa hachezi vizuri; mwalimu wake akamwacha nje michezo mitatu. Akarudi, akacheza kwa nguvu mpya, hata mwisho wa msimu alikuwa amefunga mabao 19 na kupata pointi 44. Ni mtu yule yule aliyeketishwa mwaka 2022. Tukisema tena kwamba benchi ndilo lililomponya, tutakuwa tumeanguka katika shimo lile tulilolionyesha juu. Lakini twaweza kutofautisha matendo mawili yaliyo na jina moja. Mara ya kwanza alikuwa mtoto kati ya watu wazima, akikaa na kucheza, kucheza na kukaa, na mahali pake hapajulikani. Mara ya pili alikuwa na mahali pake, akaondolewa kwa muda mfupi, kisha akarudishwa palepale. Adhabu fupi yenye mlango wa kurudia huweza kumwamsha mtu. Kungoja kusiko na siku humfundisha mtu jambo moja tu, nalo ni kwamba hahitajiwi.

Wala tusisahau kwamba pengine benchi ni njia ya kumwaga mtu pasipo kumwambia kwaheri. Katika mwezi wa Desemba 2024 Kaapo Kakko, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2019, aliachwa nje ya mchezo mmoja na timu yake ya New York. Siku chache baadaye alihamishiwa Seattle. Hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba alikuwa akilelewa.

Sasa yatupasa kuwasikiliza wenye kutupinga, maana hoja yao si ndogo. Watasema, "Ninyi mwamhurumia kijana mmoja, mwasahau wale kumi na tisa. Mwalimu hakuajiriwa kuwa mlezi wa mmoja. Mtu wa miaka 35, ambaye labda huu ni mwaka wake wa mwisho, naye ana haki ya kushinda. Kwa nini alipe makosa ya mtoto?" Twakiri kwamba hoja hii ni ya kweli. Tena mwalimu mwenyewe yu katika mashaka: yule aliyemwacha nje Wright mwaka 2024 aliondolewa kazini mwezi wa Aprili 2025, baada ya msimu mmoja tu. Twawezaje kumtaka mtu apande mwembe, ikiwa twamhesabia miezi kama mpanda mchicha?

Lakini tazameni hoja hiyo yatufikisha wapi. Haitufikishi kwenye neno kwamba kukaa kwamfaa kijana. Yatufikisha kwenye neno kwamba kijana alipa gharama kwa ajili ya wenziwe. Basi na iitwe gharama. Mtu alipaye apaswa kushukuriwa na kukumbukwa, si kuambiwa kwamba amepewa zawadi. Na wenye timu, kama wamemwajiri mwalimu kwa ushindi wa leo, wasimdai malezi ya kesho kwa ujira ule ule. Wamweke mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuwatazama vijana, wala hafukuzwi kwa kushindwa kwa usiku mmoja.

Wengine watasema, "Basi wachezeshwe wote mapema." Hata hili hatulisemi. Juraj Slafkovský wa Slovakia, aliyekuwa wa kwanza siku ile ya mwaka 2022, aliwekwa na Montreal katika NHL mara moja, ijapokuwa wengi walisema apelekwe kwanza AHL, na kwake yeye ruhusa ilikuwapo. Alicheza michezo 39, akafunga mabao 4, kisha akaumia mwezi wa Januari 2023 na msimu wake ukaisha. Wengi walisema ameharakishwa. Msimu uliofuata alicheza michezo yote 82, akafunga mabao 20. Je, tuseme alifanywa vema au vibaya? Kijana mwingine angeumia mwili na moyo pamoja. Kumtupa mtoto katika maji makuu nako kwaweza kuitwa malezi, kumbe ni haraka ya wakubwa. Kwa hiyo maswali yetu matatu ni ya pande zote. Hata yeye amwambiaye kijana, "Simama, nenda," na ajiulize: Je, ni kwa ajili yake, au ni kwa ajili ya kelele za watu na fedha za mlangoni? Je, yupo wa kumwonyesha? Je, akianguka, iko njia ya kurudi?

Twapenda kusema neno moja pia juu ya wale wabishi wenyewe. Hatuwacheki. Mtu akimpigania kijana asiyemjua, ambaye hatamshukuru kamwe, lipo jambo la uungwana ndani yake. Lakini ni rahisi kukata shauri juu ya miaka ya mtu mwingine, wewe umeketi kitako na chai mkononi. Kijana akivunjika hawatavunjika naye. Watahamisha matumaini yao kwa mwingine wa mwaka ujao. Wasiolipa gharama ya shauri wanapaswa kulisema kwa sauti ya chini kidogo.

Na sisi je, tusio na barafu? Wasomaji, tuangalie pande zetu. Yuko fundi aliye na mwanafunzi wa mwaka wa nne, na mwanafunzi angali akifagia vumbi la mbao. Yuko mwalimu wa kwaya aliye na kijana mwenye sauti njema, naye humwambia kila mwaka, "Wakati wako bado." Yuko mzee aliye na msaidizi ajuaye kusoma, kuhesabu na kusema na watu vizuri, wala hajampa hata siku moja kusimama mbele yao. Wote hawa wakiulizwa hujibu neno lile lile: "Twamlea." Labda ni kweli. Zipo mbegu zitakazo kukaa gizani. Lakini mbegu iliyo gizani imefukiwa katika udongo, nayo hupewa maji. Iliyo ghalani pia iko gizani, na mwisho huliwa na fukusi. Kwa nje giza ni moja.

Basi tukiwa na kijana tuliyemwambia, "Keti," tusingoje mwaka uishe. Twende kwake, tumwambie sababu iliyo ya kweli, hata ikiwa ni yenye kutuaibisha sisi. Tumpe kazi ya mikono yake palepale alipo, au mahali padogo atakapoitenda yote. Tumtajie siku. Na kama tukijichunguza tukaona kwamba hatuna sababu ya kumwambia, wala kazi ya kumpa, wala siku ya kumtajia, hapo tujue kwamba hatumlei: tumemkalia mahali pake. Ndipo imetupasa sisi kuinuka.